Santuri za benga: Toleo la kwanza au toleo la marudio?

UKISAFIRI kutoka Rongo kuelekea mji wa Homa Bay utapita soko la Rodi Kopany, mahali ambapo barabara ya kwenda Ndhiwa inachepuka. Soko hili, sawa na masoko mengine ya iliyokuwa wilaya ya South Nyanza, limo katikati ya eneo lililozienzi santuri za benga katika miaka ya 1960, 1970 na 1980.

Santuri hizo hazijatoweka zote. Zipo zilizosalia katika masanduku ya mbao, juu ya makabati na chini ya vitanda, mali ya wazazi na mababu ambao wengi wao wamekwisha kuaga dunia.

Wakati huohuo, kampuni za ng'ambo zimekuwa zikitoa upya muziki huo kwa santuri mpya zenye majalada ya kupendeza. Kwa sababu hiyo, mpenzi wa muziki anayetaka kuanza mkusanyo wake hujikuta njia panda: je, atafute santuri kuukuu iliyofyatuliwa Nairobi miaka 50 iliyopita, au anunue toleo la marudio lisilo na mkwaruzo hata mmoja?

Naye aliyerithi sanduku la baba yake hujiuliza swali linalokaribiana na hilo: iwapo nyimbo zilezile zinapatikana upya, kuna haja gani ya kuendelea kutunza sahani zilizochakaa?

Makala haya yanaeleza tofauti baina ya matoleo hayo mawili, namna ya kuyatambua, na mambo ya kuzingatia kabla ya kununua, kuuza au kutupa. Aidha, yanaonyesha kwa nini jibu linalofaa kwa muziki wa benga si lazima liwe lile linalotolewa kwa muziki wa Ulaya na Marekani.

ASILI YA SANTURI ZA NYANZA

Biashara ya santuri za Kiswahili na za lugha nyingine za Afrika Mashariki ni ya tangu zamani. Mwaka wa 1928, Siti binti Saad wa Zanzibar alisafiri hadi Bombay, India, kurekodi nyimbo za taarab kwa ajili ya lebo ya His Master's Voice. Baada ya Vita Vikuu vya Pili vya Dunia, shughuli za kurekodi zilishika kasi jijini Nairobi.

Santuri za mwanzo zilikuwa zile nzito zinazozunguka mara 78 kwa dakika. Zilitengenezwa kwa utomvu mgumu utokanao na wadudu, na zilivunjika kama kigae zilipoanguka.

Baadaye zikaja santuri za plastiki za aina mbili. Ya kwanza ni santuri ndogo ya inchi saba, inayozunguka mara 45 kwa dakika na kubeba wimbo mmoja kila upande. Ya pili ni santuri kubwa ya inchi 12, maarufu kama elpii, inayozunguka mara 33 na theluthi moja kwa dakika na kubeba muziki wa dakika 20 hivi kila upande.

Benga ilikua pamoja na santuri ndogo. Wapigaji gitaa wa Kiluo walihamishia katika nyuzi za gitaa mtindo wa nyatiti, ala ya jadi yenye nyuzi nane, na matokeo yakawa muziki wa kasi ambamo gitaa hujibizana na sauti ya mwimbaji.

Miongoni mwa walioupa umaarufu ni George Ramogi, Ochieng Nelly, Collela Mazee na Daniel Owino Misiani. Misiani alizaliwa eneo la Shirati, Tanzania, akafanya kazi yake ya muziki nchini Kenya, na akafariki katika ajali ya barabarani mjini Kisumu mwezi Mei mwaka wa 2006.

Nairobi ndiyo iliyokuwa na kiwanda cha kufyatua santuri. Tanzania haikuwa na kiwanda cha aina hiyo, hivyo bendi za huko nazo zilitegemea mji mkuu wa Kenya ili kazi zao zitoke kwa santuri. Mbali na kampuni za kimataifa kama EMI na Polygram, palikuwa na watayarishaji wa kujitegemea waliozijua ladha za mashambani, mathalan Chandarana wa Kericho.

Aliyetia fora kwa muziki wa Kiluo ni Phares Oluoch Kanindo, ambaye herufi za kwanza za majina yake matatu ziliunda lebo ya POK. Santuri zake zilisafiri hadi Zimbabwe, ambako watu waliuita muziki huo kanindo. Jina la lebo yake nyingine, Sungura, ndilo linalotajwa kuwa chimbuko la jina la mtindo wa sungura unaopendwa nchini humo hadi leo.

Kufikia miaka ya 1990, kanda za kaseti zilikuwa zimeiua biashara ya santuri nchini Kenya. Kilichofyatuliwa kabla ya hapo ndicho kinachoitwa leo toleo la kwanza.

MAANA YA MATOLEO

Toleo la kwanza ni santuri iliyofyatuliwa wimbo ulipotoka mara ya kwanza, na kampuni iliyoutoa. Kwa benga, kwa kawaida hiyo ni santuri ndogo iliyouzwa ndani ya bahasha ya karatasi isiyo na picha ya mwanamuziki.

Toleo la marudio ni santuri iliyotolewa baadaye ikiwa na muziki uleule. Ndani ya kundi hili mna aina tatu ambazo mnunuzi hana budi kuzitofautisha.

Aina ya kwanza ni marudio ya zamani, yaliyofanywa humu humu Afrika Mashariki. Mfano mwema ni nyimbo za Mbaraka Mwinshehe wa Morogoro, aliyefariki kwa ajali ya gari mjini Mombasa mnamo Januari 1979. Baada ya kifo chake, nyimbo zake zilikusanywa katika mfululizo wa santuri kubwa ulioitwa Ukumbusho, uliotolewa Nairobi. Mfululizo huo ni wa marudio, lakini kwa sasa nao una umri wa miongo kadhaa na ni kumbukumbu ya kihistoria kwa haki yake.

Aina ya pili ni mikusanyo ya kisasa iliyoandaliwa kwa utafiti. Mwaka wa 2013, kampuni ya Soundway ya Uingereza ilitoa Kenya Special, mkusanyo wa nyimbo 32 za miaka ya 1970 na 1980, nyingi kati yazo zikiwa hazijapata kutoka tena tangu zilipouzwa kwa santuri ndogo. Juzuu ya pili ilifuata mwaka wa 2016.

Kampuni ya Sterns ya London nayo ilitoa The King of History mwaka wa 2010, mkusanyo wa kazi za Misiani na Shirati Jazz za miaka ya 1970. Hapa nyumbani, shirika la Ketebul Music la Nairobi, lililoasisiwa na Tabu Osusa, lilitoa Retracing the Benga Rhythm mwaka wa 2008, likiambatanisha sidii, filamu na kijitabu cha historia.

Aina ya tatu ni nakala haramu. Hizi hufyatuliwa bila idhini ya yeyote, aghalabu kutokana na faili duni zilizopakuliwa kwenye intaneti, na hazina maelezo yoyote kuhusu wanamuziki wala chanzo cha sauti.

UKANDA MAMA ULIPO NA USIPOKUWEPO

Hapa ndipo penye kiini cha suala zima. Wimbo unaporekodiwa studioni, sauti huhifadhiwa kwanza katika ukanda wa sumaku, ambao tunaweza kuuita ukanda mama. Kutokana na ukanda huo huchongwa sahani ya kwanza, na kutokana na sahani hiyo hutengenezwa mihuri ya chuma inayofyatua santuri kwa maelfu.

Katika nchi za Magharibi, kampuni kubwa zimehifadhi kanda mama za wasanii wao mashuhuri. Anayetoa upya santuri ya kundi maarufu la Uingereza huweza kuurudia ukanda wenyewe, na toleo la marudio likatokea kuwa na sauti safi kuliko hata lile la kwanza.

Hali ya muziki wa benga ni tofauti. Kampuni zilifungwa au kuuzwa, studio zikahama, na kanda nyingi zikapotea, zikaharibika kwa joto au zikafutwa ili kurekodiwa muziki mwingine. Matokeo yake ni kwamba nyimbo nyingi zinazotolewa upya hazitoki katika ukanda mama. Hutoka katika santuri kuukuu iliyopatikana kwa mtu fulani, ikasafishwa, ikachezwa, na sauti yake ikarekodiwa katika kompyuta.

Maana yake ni nzito. Kwa nyimbo kama hizo, toleo la marudio haliwezi kuwa bora kuliko santuri iliyotumiwa kulitengeneza. Na ikiwa santuri safi zaidi ya wimbo huo iko katika sanduku fulani karibu na Rodi Kopany, basi sanduku hilo ndilo lenye kitu kinachokaribia zaidi ukanda mama duniani kote.

Kwa hivyo anayetupa toleo la kwanza kwa kuwa ameona la marudio dukani huenda anatupa asili na kubaki na kivuli chake.

SAUTI NA UREFU WA WIMBO

Mnunuzi mgeni hudhani kwamba kitu kipya lazima kisikike vizuri zaidi. Si lazima. Santuri ya zamani iliyochezwa mara chache kwa sindano nzima huweza kuwa na sauti yenye nguvu ambayo marudio hayana.

Hata hivyo, santuri nyingi za benga hazikupata bahati hiyo. Zilichezwa katika baa, katika matanga na katika sherehe, kwa gramafoni za betri zilizokuwa na mikono mizito. Gramafoni za kisasa hukandamiza santuri kwa uzito wa gramu mbili au tatu tu, ilhali nyingi za zamani zilikandamiza kwa gramu tano au zaidi. Sindano ikiwa butu, kila mzunguko ulikwangua sehemu ya muziki.

Isitoshe, ubora wa ufyatuaji ulibadilikabadilika. Baada ya bei ya mafuta kupanda ghafla mwaka wa 1973, malighafi ya plastiki ilikuwa ghali na viwanda vingi duniani vikafanya santuri kuwa nyembamba au kuchanganya plastiki iliyokwisha kutumika. Mihuri ya chuma nayo ilipochakaa, santuri za mwisho mwisho zilitoka zikiwa na ukungu wa sauti.

Jambo jingine linalopasa kuzingatiwa ni urefu wa wimbo. Upande mmoja wa santuri ndogo hauwezi kubeba wimbo mrefu wa benga, hivyo watayarishaji waliukata wimbo vipande viwili: Sehemu ya Kwanza upande mmoja na Sehemu ya Pili upande wa pili. Mara nyingi kisa husimuliwa upande wa kwanza, kisha magitaa hutawala upande wa pili, ambapo wachezaji walikuwa wakiungojea kwa hamu.

Toleo la marudio huweza kuunganisha vipande hivyo kwa ustadi, kuacha pengo la kimya katikati, au kuchukua sehemu moja tu na kuiacha nyingine. Kabla ya kununua mkusanyo, linganisha dakika zilizoandikwa na urefu wa pande zote mbili za santuri ya awali. Wimbo wa dakika nane ukiwa umeandikwa dakika nne, ujue umeuziwa nusu.

Usibabaishwe na uzito. Matoleo mengi ya sasa hujitangaza kuwa ya gramu 180, ilhali santuri kubwa za miaka ya 1970 zilikuwa na gramu 120 hadi 140 hivi. Santuri nzito haipindi kwa urahisi, lakini uzito pekee haufanyi sauti mbovu kuwa nzuri.

YALIYOMO KATIKA LEBO NA KATIKA MASHAIRI

Toleo la kwanza lina faida ambayo haihusiani na sauti. Lebo yake ni hati. Huonyesha jina la mtunzi, jina la bendi kama lilivyokuwa wakati huo, mtayarishaji na namba ya toleo.

Hili ni muhimu kwa kuwa bendi za Nyanza zilibadilisha majina mara kwa mara. Misiani, kwa mfano, alirekodi kwa majina kama Shirati Luo Voice, Shirati Jazz na D.O. 7. Mkusanyo wa kisasa ukiandika jina moja tu kwa nyimbo zote, msomaji hupoteza uzi wa historia hiyo.

Vilevile, nyimbo za benga zimejaa pakruok, yaani majigambo na majina ya sifa. Mwimbaji huwataja marafiki, wafadhili, wakwe, vijiji na masoko. Kwa msikilizaji wa London, hayo ni maneno matamu asiyoyaelewa. Kwa jamaa ya anayetajwa, huenda hiyo ndiyo mara pekee jina la babu yao liliporekodiwa.

Wakusanyaji wa ng'ambo huchagua nyimbo kwa kigezo cha kuchezeka. Wimbo wa taratibu wa maombolezo ya mtu wa Kanyada au Karungu si rahisi kupata nafasi katika mkusanyo wa kuuzwa Ulaya. Kwa nyimbo za namna hiyo hakuna toleo la marudio la kuchagua. Kuna santuri ya kwanza, au kuna kimya.

KUTAMBUA TOLEO LA KWANZA

Santuri nyingi ndogo za Kenya hazina mwaka. Kwa hivyo mkusanyaji hutumia ishara nyingine.

Kwanza, tazama namba ya toleo iliyo katika lebo. Kwa kawaida lebo moja ilitoa namba kwa mfuatano, hivyo ukijua mwaka wa santuri moja unaweza kukisia mwaka wa jirani zake.

Pili, ielekeze santuri kwenye mwanga na usome sehemu laini iliyo kati ya mwisho wa muziki na lebo. Humo mmechongwa namba, wakati mwingine kwa mkono. Namba hiyo ikiafikiana na ya lebo, ni dalili njema. Isipoafikiana, huenda wimbo ulihamishwa kutoka toleo jingine.

Tatu, chunguza karatasi ya lebo. Lebo iliyochapishwa wakati huo huwa na wino uliokolea katika karatasi, na herufi zake zina makali. Lebo iliyonakiliwa kwa mashine ya kisasa huwa na herufi zenye ukungu na rangi iliyofifia.

Nne, tafuta anwani ya mtovuti au alama ya mistari ya kusomwa na mashine za madukani. Santuri ya mwaka wa 1974 haiwezi kuwa na vitu hivyo.

Tano, linganisha na kumbukumbu zilizoko kwenye intaneti. Tovuti ya Discogs, iliyoanzishwa mwaka wa 2000, huorodhesha mamilioni ya matoleo pamoja na picha za lebo. Lakini ukikosa santuri yako humo usikate tamaa. Santuri nyingi za Afrika Mashariki hazijaorodheshwa, na kutokuwemo kwake huweza kumaanisha kuwa ni adimu.

HALI NA BEI

Thamani ya santuri hutegemea mambo matatu: uadimu wake, hamu ya wanunuzi, na hali yake. Umri pekee hauongezi bei. Santuri iliyouzwa kwa maelfu mengi na kuchezwa mpaka ikawa nyeupe haina bei kubwa hata ikiwa na miaka 50.

Wafanyabiashara hutumia herufi kueleza hali. NM ni karibu mpya, VG+ ni nzuri sana, VG ina mikwaruzo inayosikika, na G ni iliyochakaa. Mnunuzi awe macho, kwani herufi G ni kifupi cha neno la Kiingereza lenye maana ya nzuri, ilhali katika orodha hiyo huashiria santuri inayochezeka kwa taabu.

Unaponunua ana kwa ana, iwe katika Kenyatta Market jijini Nairobi, ambako santuri za zamani huuzwa, au nyumbani kwa mwenyewe, fanya majaribio haya. Itazame santuri juani: mifereji iliyogeuka kijivu imechakaa. Pitisha ukucha polepole juu ya mkwaruzo: ukihisi ukucha unakwama, sindano nayo itaruka. Iweke juu ya kioo bapa: ikiyumba, imepinda.

Kwa muuzaji, ushauri ni mmoja. Usiuze sanduku zima kwa bei ya jumla kwa mgeni aliyefika mlangoni kabla ya kujua kilichomo. Andika kwanza majina, lebo na namba za kila sahani, kisha linganisha. Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari.

HAKI ZA WALIOIMBA

Suala la nani anafaidika si dogo. Unaponunua santuri kuukuu, pesa humwendea aliyekuwa nayo. Mwanamuziki na familia yake hawapati chochote. Unaponunua toleo la marudio lililotolewa kwa mkataba halali, sehemu ya pesa hupaswa kuwafikia wenye haki.

Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya mwaka wa 2001 hulinda rekodi ya sauti kwa miaka 50 baada ya mwisho wa mwaka iliporekodiwa. Utungaji wenyewe hulindwa katika uhai wa mtunzi na miaka 50 baada ya mwaka wa kifo chake.

Tofauti hii ina athari kubwa. Kwa mujibu wa sheria hiyo, rekodi iliyofanywa mwaka wa 1974 ilimaliza muda wake mwishoni mwa mwaka wa 2024. Lakini ikiwa ni utunzi wa Misiani, aliyefariki mwaka wa 2006, utunzi huo utaendelea kulindwa hadi mwisho wa mwaka wa 2056. Anayeitoa upya huenda asidaiwe na mtayarishaji, lakini bado anadaiwa na warithi wa mtunzi.

Kwa hivyo, kabla ya kununua toleo la marudio, soma jalada lake. Toleo la haki hutaja watunzi na wanamuziki kwa majina, hueleza idhini imetoka kwa nani, na husema kama sauti imetoka katika ukanda mama au katika santuri. Jalada lisilosema lolote kati ya hayo linatia shaka.

UTUNZAJI

Mwenye toleo la kwanza amebeba jukumu. Adui wa kwanza wa santuri ni joto. Plastiki yake huanza kulainika kwenye nyuzi 60 hivi za Selsiasi, kiwango ambacho gari lililofungwa juani linaweza kukikaribia, na chumba kilicho chini kabisa ya paa la mabati si mahali salama.

Zisimamishe santuri wima kama vitabu, wala usizilundike. Ziepushe na mchwa, unyevu na moshi wa jikoni. Badilisha bahasha zilizoliwa, lakini usitupe ile ya awali ikiwa ina maandishi ya kampuni au ya mwenye mali.

Kwa kusafisha santuri za plastiki, maji safi yasiyo na chumvi, tone la sabuni laini na kitambaa kisicho na nyuzi vyatosha. Lebo isilowe. Zile za kale za mizunguko 78 zisiguswe kwa spiriti kamwe, kwa kuwa spiriti huyeyusha utomvu uliozitengeneza. Pia zinahitaji sindano pana zaidi, na sindano ya santuri za kawaida haifai kwazo.

Usicheze santuri adimu kwa gramafoni ya zamani ambayo sindano yake haijabadilishwa. Ni heri kuicheza mara moja kwa mashine nzuri huku ukiirekodi katika kompyuta, kisha usikilize nakala hiyo. Hifadhi sauti katika faili la WAV badala ya faili lililobanwa, piga picha za lebo za pande zote mbili, na uweke nakala mahali pawili tofauti.

UAMUZI

Mtu anayetaka tu kuufurahia muziki, hasa anayeanza, na anunue toleo la marudio lililo halali. Atapata nyimbo nyingi kwa pamoja, sauti iliyosafishwa, maelezo ya historia, na uwezekano wa familia za wanamuziki kunufaika.

Anayetaka kukusanya kwa ajili ya historia na atafute toleo la kwanza, hata likiwa limechakaa kiasi, mradi lebo inasomeka na pande zote mbili zinachezeka. Asiyapuuze marudio ya zamani ya Nairobi, ambayo mara nyingi ni nafuu na yana sauti nzuri.

Mwenye uwezo na awe na yote mawili: toleo la marudio kwa kusikiliza kila siku, na toleo la kwanza kwa kuhifadhi.

Ama kwa aliyerithi sanduku Rodi Kopany, Ndhiwa au Rongo, asiharakishe kuchagua. Aanze kwa kulitoa sanduku chini ya mabati, aandike orodha, kisha atafute ni nyimbo zipi zimekwisha kutolewa upya. Zile zilizotoka, anaweza kuuza nakala zake akipenda. Zile ambazo hazionekani popote, azirekodi kabla ya jambo jingine lolote, kwa maana nakala aliyo nayo mkononi huenda ndiyo pekee iliyobaki.